Kisiwa Kilekile, Vitufe Vingine: Uhakiki wa Link's Awakening ya Mwaka 2019

Katika Link's Awakening ya mwaka 1993, mchezo wa video wa mfululizo wa The Legend of Zelda uliotengenezwa kwa ajili ya Game Boy, mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo, kugusa jiwe lilikuwa jambo la kuudhi. Mchezaji aliyempitisha Link, shujaa wa mchezo, karibu na jiwe na kuligusa kwa bega tu, bila kukusudia, alisimamishwa papo hapo na maandishi ya kumweleza kwamba jiwe hilo ni zito na haliinuliki kwa mikono mitupu. Aliyapata maandishi hayohayo hata baada ya kuipata bangili ya nguvu, kwa sababu bangili iliyomo mfukoni haikuhesabiwa mpaka ipangiwe kitufe. Ili ainue jiwe moja, alilazimika kufungua orodha ya vifaa, kuondoa upanga au ngao, kuweka bangili mahali pake, kufunga orodha, kuinua jiwe, kisha kurudia shughuli nzima kinyumenyume ili aupate tena upanga wake kabla adui hajamfikia. Katika toleo jipya lililotengenezwa na studio ya Grezzo na kutolewa na Nintendo kwa mashine yake ya Switch tarehe 20 Septemba 2019, anabonyeza A na jiwe limeinuka.

Ningeambiwa nitaje badiliko moja tu linaloeleza kwa nini toleo hili lilipokewa vizuri na wahakiki, ningetaja hilo la jiwe, ingawa wengi wao walilipitia kwa sentensi moja na kukimbilia kwenye picha.

Tuanze na mashine yenyewe. Game Boy ilikuwa na skrini ya pikseli 160 kwa 144, vivuli vinne vya rangi moja, na vitufe viwili tu vya kutendea kazi, A na B, ukiacha vile vidogo vya kuanzia na kuchagulia. Kazi ya kuingiza mchezo wa aina ya Zelda ndani ya kidude hicho ilianza kama mazoezi ya saa za ziada, pale watu wachache wa Nintendo walipobaki ofisini baada ya kazi za mchana kujaribu kama jambo hilo lingewezekana, bila kuagizwa na mtu. Takashi Tezuka akawa mwongozaji, na hadithi ikaandikwa na Yoshiaki Koizumi pamoja na Kensuke Tanabe. Labda kwa sababu mradi ulizaliwa pembeni, waliruhusiana mambo ambayo mchezo mkuu wa mfululizo usingeyaruhusu: binti mfalme Zelda hayumo, nchi ya Hyrule haimo, maadui wa michezo ya Mario wanatembea humu kama wageni waliopotea njia, na wanakijiji wote wana jambo fulani wanalojua na hawalisemi. Tezuka mwenyewe alieleza baadaye kwamba alivutiwa na tamthilia moja ya televisheni ya Marekani iliyojaa watu wa kutiliwa shaka katika mji mdogo, naye akataka kisiwa chake kiwe na watu wa namna hiyo.

Kisiwa hicho ni Koholint. Link anatupwa ufukweni na dhoruba, anaokotwa na msichana aitwaye Marin, na anaambiwa na bundi kwamba hataondoka mpaka amwamshe Samaki wa Upepo, anayelala ndani ya yai kubwa lililo juu ya mlima. Ili amwamshe, lazima akusanye ala nane za muziki kutoka kwenye mapango manane ya mafumbo. Kisiwa kizima kimegawanywa katika viwanja 256, kumi na sita kwa kumi na sita, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa skrini moja. Ukweli huo wa hesabu ndio siri ya mchezo. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu kiasi hicho, hakuna kiwanja kilichoachwa kitupu: kila kimoja kina njia iliyozibwa, kichaka chenye kitu chini yake, au mtu mwenye haja ya kitu kilicho kwa mtu mwingine. Mwaka 1998 mchezo ulitolewa tena kwa rangi kwa ajili ya Game Boy Color, ukiongezewa pango moja la rangi na panya mpiga picha, na hapo ukatulia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Grezzo haikuwa ngeni kwa kazi ya namna hii, kwani ndiyo iliyokuwa imetengeneza upya Ocarina of Time mwaka 2011 na Majora's Mask mwaka 2015 kwa ajili ya Nintendo 3DS. Toleo lake la Koholint lilipotangazwa Februari 2019, mjadala ulizuka siku ileile juu ya sura yake, kabla ya mtu yeyote kuucheza. Lilipotoka, wahakiki walilipa wastani wa alama 87 kati ya 100 katika tovuti ya Metacritic, alama ambayo michezo mingi hutoka bila kuikaribia. Wengi walisifu mandhari, muziki, na uaminifu kwa ramani ya zamani. Walilalamikia mwendo wa picha unaokatikakatika, bei, na nyongeza moja iliyomhusu mchimba makaburi. Nakubaliana na karibu kila walichokisema, lakini sikubaliani na uzito walioupa kila jambo.

Sura kwanza, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa zaidi. Koholint mpya imechorwa kama seti ya vinyago: Link ana macho ya nukta mbili na ngozi inayong'aa kama plastiki mpya, miti inafanana na vitu vilivyoumbwa kwa vidole, na kingo za juu na za chini za skrini zimefifishwa makusudi, kama picha iliyopigwa kwa lenzi inayokifanya kitu kikubwa kionekane kidogo. Waliolalamika siku ya tangazo walisema ni sura ya kitoto. Wahakiki waliocheza mpaka mwisho walibadilika, na sababu yao ni nzuri: hii ni hadithi ya mahali pasipokuwa na hakika ya kuwapo kwake, na mwanasesere hajui kwamba ni mwanasesere. Unapomtazama Tarin, baba mnene anayependa uyoga, akisimama kando ya meko yake kama kitu kilichopangwa na mkono wa mtu asiyeonekana, unahisi jambo ambalo maandishi hayajalitamka bado.

Hata hivyo kuna kilichopotea, na ni wachache waliokitaja. Vivuli vinne vya Game Boy vilimwachia mchezaji kazi ya kufanya. Uso wa Marin ulikuwa pikseli chache tu, na kila mtu alichora kilichobaki kichwani mwake. Kwa hiyo Marin wangu hakuwa Marin wa mtu mwingine. Sasa ni mmoja, mwenye uso mzuri uliokamilika, na wote tunamwona sawasawa. Siwezi kuiita hiyo kasoro ya Grezzo, maana hakuna studio inayoweza kuchora kitu bila kukichora, ila ni gharama iliyolipwa, na uhakiki unaozungumzia picha kwa kurasa mbili ulipaswa kuitaja.

Kuhusu mwendo wa picha sitasema mengi. Mchezo umelenga kuonyesha picha 60 kwa sekunde, lakini kila unapoingia eneo jipya la nje, hasa unapotoka kijijini kwenda msituni au unapokatiza uwanda mpana, unashuka ghafla hadi 30 kisha unarudi. Mshuko huo unaonekana wazi kwa macho, kama gari linalokanyagiwa breki kidogo kila kona. Inashangaza zaidi ukikumbuka kwamba mchezo wa 1993, kwenye betri nne ndogo, ulikwenda bila shida hiyo katika sehemu zilezile. Walioikosoa Grezzo kwa hili walikuwa na haki kamili. Mwaka 2025 Nintendo ilitoa sasisho la bure kwa wanaoucheza kwenye Switch 2, na huko tatizo limekwisha. Anayeucheza kwenye Switch ya kwanza angali nalo.

Bei ndiyo iliyozua kelele kubwa zaidi miongoni mwa wachezaji. Mchezo uliuzwa kwa dola 59.99 nchini Marekani, bei ileile ya Breath of the Wild, ambao ni mchezo wa Zelda unaoweza kukuchukua miezi. Koholint inamalizika kwa saa kumi na tano hivi, na mwenye kuikumbuka ramani ataimaliza mapema zaidi. Wahakiki kadhaa walijikuta wakipima thamani kwa saa, wakigawanya dola kwa muda. Sijawahi kuielewa hesabu hiyo. Ikiwa tunapima kwa saa, basi mchezo bora ni ule unaokuchelewesha zaidi, na maandishi ya jiwe zito yangestahili kuongezwa badala ya kuondolewa. Malalamiko yenye nguvu zaidi yangekuwa haya: kwamba ramani, mafumbo, hadithi na mazungumzo vilikuwa vimekwisha kulipiwa tangu 1993, na kwamba bei kamili inadai kazi mpya kamili. Hapo Nintendo haikuwa na jibu la maneno. Ilikuwa na jibu la mauzo, maana hadi mwisho wa Machi 2020 nakala zaidi ya milioni 4 zilikuwa zimenunuliwa, ingawa wingi wa wanunuzi haujawahi kuwa hoja ya uhakiki.

Sasa Dampé. Katika toleo la 1998, mahali fulani kisiwani palikuwa na duka la yule panya mpiga picha, aliyejitokeza kumpiga Link picha nyakati za aibu na za ajabu. Grezzo imemwondoa na mahali pake pamejengwa kibanda cha Dampé, mchimba makaburi kutoka michezo mingine ya mfululizo, anayekuomba umsaidie kupanga mapango. Unapewa vyumba vya mapango uliyokwisha kuyamaliza, unavipanga kwenye gridi ukihakikisha milango inakutana na ngazi zina pa kufikia, unaweka mlango wa kuingilia na chumba cha adui mkuu, kisha unaingia kucheza ulichokipanga.

Kwa kusikia, wazo hili linavutia, na kila mhakiki aliyelisikia kabla ya mchezo kutoka aliliandika kwa matumaini. Kwa kucheza, linachosha kufikia pango la tatu. Sababu haiko kwenye vyumba vyenyewe, ambavyo ni vilevile vilivyokufurahisha saa moja iliyopita. Sababu ni kwamba chumba cha pango katika Link's Awakening kilipata maana yake kutokana na jirani zake. Ufunguo uliofichwa chumba hiki ulikuwa wa mlango uliouona vyumba vitatu nyuma. Shimo lisilorukika lilikuwa ahadi kwamba pango hili litakupa unyoya wa kurukia. Adui aliyekushinda mwanzoni alikuwa mtihani wa silaha utakayoipata katikati. Ukikata vyumba hivyo na kuvipanga upya kama vigae, ahadi zote zinavunjika. Unabaki na vyumba vya kupita, ufunguo mmoja ukifungua mlango wowote ule, na unashinda bila kufikiri, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyepanga na unajua kilicho mbele. Zaidi ya hayo, huwezi kumtumia rafiki pango lako kupitia intaneti. Njia pekee ya kulisafirisha ni kulihifadhi kwenye amiibo, kinyago cha Nintendo chenye chipu ya kuhifadhi data, na kukipeleka kwa mkono. Na kwa kuwa baadhi ya vipande vya moyo, vinavyomwongezea Link uhai, na zawadi nyingine vimefungwa nyuma ya majukumu ya Dampé, mchezaji anayetaka kukamilisha kila kitu hana budi kuvumilia.

Wahakiki waliliita jambo hili dosari ndogo ya pembeni. Mimi naliona kama ushahidi mkubwa kuliko yote juu ya tabia ya mchezo huu. Koholint ilibuniwa katika uhaba: uhaba wa kumbukumbu, wa rangi, wa vitufe, wa muda. Watengenezaji wake waliufanya uhaba huo kuwa ufundi, na matokeo yake ni kitu kilichobana kiasi kwamba hakina mahali pa kuchomeka nyongeza. Kila Grezzo ilipoondoa kikwazo, mchezo ulipanda. Ilipoongeza kitu, ulilegea.

Tazama vitufe. Katika mchezo wa zamani upanga ulihesabiwa kama kifaa kimojawapo, na ngao vilevile, kwa hiyo mchezaji aliyetaka kuruka huku akipigana aliiacha ngao, na aliyetaka kukimbia kwa viatu vya mbio kisha aruke mbali aliuacha upanga. Toleo jipya limeupa upanga kitufe cha B, ngao kitufe cha R, viatu vya mbio kitufe cha L, na bangili imeondolewa kabisa kwenye hesabu. Vitufe vya X na Y vinabaki kwa vifaa vingine. Matokeo yake si urahisi tu. Mapambano yamekuwa na mdundo usiokuwapo: unakinga, unasogea, unapiga, unakinga tena, bila orodha kukatiza kati. Pango la saba, mnara ambao mchezaji hubeba mpira mzito wa chuma kutoka chumba hadi chumba ili abomoe nguzo nne, lilikuwa mateso ya kuingia na kutoka kwenye orodha. Sasa ni fumbo safi la kutafakari njia, na nilipolimaliza nilijiuliza kama wabunifu wa 1993 walikuwa wameliwaza hivi tangu mwanzo wakakwamishwa na mashine.

Kazi hiyo nzuri haikufikishwa mwisho. Unyoya wa kurukia bado unakula X au Y, ilhali kuruka ni jambo unalolifanya kila dakika, tena ndani ya mapango usipouweka unyoya unaanguka shimoni na kulaumu mikono yako. Kitufe cha A kingeweza kuubeba pale pasipo na kitu cha kuinua. Pia Link haongozwi kwa vitufe vya mwelekeo. Ni kijiti cha kushoto tu, ingawa mwendo wenyewe bado ni wa pande nane kama zamani. Katika mchezo ambao mara nyingi unasimama ukingoni mwa shimo ukilenga kigae kimoja, kijiti kinatetereka pale kitufe kingetii. Nashangaa jinsi malalamiko haya yalivyosikika zaidi kwa wachezaji kuliko kwa wahakiki.

Jambo jingine waliloliacha ni ugumu. Makombe ya baharini yaliyofichwa kisiwani yameongezwa hadi 50 kutoka 26, na vipande vya moyo vimeongezwa kiasi kwamba mioyo ya juu kabisa imepanda kutoka 14 hadi 20, na juu yake zipo chupa za kuwekea vijimalaika vya kukufufua. Maadui, kwa sehemu kubwa, ni walewale na nguvu yao ni ileile. Kwa hiyo anayetafuta kila kitu kisiwani anafika kwenye yai akiwa na siha ambayo hakuna adui anayeweza kuimaliza. Ipo hali ya shujaa ambamo mapigo yanaumiza zaidi na mioyo haidondoki ovyo, na ningemshauri mtu yeyote aliyewahi kumaliza mchezo wa zamani aanze nayo moja kwa moja.

Muziki ulioandaliwa upya na Ryo Nagamatsu unastahili sifa zote ulizopewa. Ameuacha kuwa mdogo: zumari, nyuzi chache, na hapa na pale sauti kavu ya kielektroniki ya Game Boy inajichomoza katikati kama mzee wa nyumba anayekumbusha kwamba bado yupo.

Nilitaka kujua kama ucheshi wa zamani umesalia, na mahali pa kupimia ni dukani. Upinde unauzwa rupii 980, fedha ya humo kisiwani ambayo haikusanywi kwa siku moja. Mwenye duka anakufuata kwa macho. Ukizunguka nyuma yake na kuukimbilia mlango kabla hajageuka, unatoka na mali bila kulipa. Mchezo unakuambia tu kwamba umeipata bure, na kukuuliza kama unajivunia. Ila tangu dakika hiyo jina lako limebadilishwa, na kila mtu kisiwani anakuita mwizi, mpaka mwisho, akiwamo Marin. Ukithubutu kurudi dukani, mwenye duka anakuua kwa radi. Yote haya yamo katika toleo jipya, neno kwa neno, bila kulainishwa. Mchezo wa kunasa vitu kwa mkono wa mashine, ulio kijijini, umebadilishwa kidogo: vitu sasa vina uzito na vinaweza kuteleza, na miongoni mwa zawadi zimo sanamu ndogo za maadui wa Mario unazoweza kwenda kuzipanga katika nyumba za wanakijiji. Nilipoteza rupii nyingi hapo kuliko ninavyopenda kukiri, nikimfukuzia kinyago kimoja aliyekuwa akikaribia ukingo na kurudi kila mara.

Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa, ingawa mwisho wenyewe una umri wa zaidi ya miaka thelathini. Katika hekalu la kusini, baada ya kumshinda mlinzi wake, Link anakuta mchongo ukutani unaosema kwamba kisiwa ni ndoto ya Samaki wa Upepo na kwamba akiamka, kisiwa na wote waliomo watatoweka. Bundi anajaribu kukupunguzia uzito wa maneno hayo. Maadui wakuu hawakupunguzii kitu. Wanakuambia waziwazi kwamba unajiangamizia mahali hapa. Na wewe unaendelea, kwa sababu hakuna kitufe cha kukataa. Marin, aliyekwisha kukaa nawe ufukweni akitamani kuwa shakwe aruke mbali akaimbie watu wengine, hajui.

Hapa ndipo uaminifu wa Grezzo, uliolaumiwa na baadhi kuwa ni woga, unajitetea. Mwaka huohuo wa 2019 Resident Evil 2, mchezo mwingine wa zamani, ilikuwa imerudi ikiwa na kamera mpya na mwendo mpya kabisa, na mwaka uliofuata Final Fantasy VII ikarudi ikithubutu kugeuza hadithi yake yenyewe. Kwa kulinganisha, wahakiki kadhaa waliona Koholint imekwepa hatari. Lakini fikiria ingekuwaje kama wangeongeza njia ya kuokoa kisiwa, au sura ya ziada baada ya kuamka, au maelezo marefu kuhusu Samaki wa Upepo ni nani. Mwisho wa 1993 unachukua dakika chache: yai linafunguka, wimbo unapigwa, picha za wanakijiji zinafifia mmoja baada ya mwingine, na Link anajikuta baharini amekumbatia gogo. Toleo jipya limeuacha hivyo. Limeiacha hata ile siri ya zamani kwamba mchezaji aliyemaliza bila kufa hata mara moja huonyeshwa ishara ndogo kuhusu Marin na ile ndoto yake ya kuruka, siisemi yote.

Sura ya vinyago nayo ilipata kazi ya pili: mwaka 2024 ilitumika tena katika Echoes of Wisdom, mchezo mpya ambao Grezzo ilishiriki kuutengeneza, na huko hakuna aliyeiita ya kitoto.

Tangu Februari 2023 toleo la rangi la 1998 linapatikana pia kwenye Switch kwa wanaolipia huduma ya mtandaoni ya Nintendo, kwa hiyo mashine moja inabeba Koholint mbili. Nilizicheza kwa zamu, pango moja huku na pango moja kule, na nikagundua kwamba sikuhitaji ramani katika yoyote, maana kila jiwe liko palepale. Katika ile mpya nilifika haraka zaidi. Katika ile ya zamani niligusa jiwe njiani kuelekea hekalu la kusini, maandishi yakatokea, nikafungua orodha na kutoa upanga ili niweke bangili, na adui akanipiga wakati ule ule.